Bi Msasa na Punje ya Kijivu

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu wa zamani na wa sasa, na nyinyi mliokuja moja kwa moja kutoka maabara mkiwa bado na makoti meupe, familia imemsimamisha mbele yenu mdogo wake marehemu, anayemfuata kuzaliwa, ili asome historia ya dada yake, na ieleweke mapema kwamba hakuchaguliwa kwa sababu ya akili, maana wenye akili wa familia hii wapo na wamekaa mstari wa mbele, amechaguliwa kwa sababu ya sauti, na kwa sababu amezunguka nchi kumi na moja akiuza vipuri vya mashine na hajawahi kuona haya kusimama mbele ya watu.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kama Bi Msasa, jina alilopewa kazini kwa sababu ya mikono yake na likamganda kwa sababu ya ulimi wake, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Juni 1954, saa moja kasorobo asubuhi, katika nyumba namba kumi na nne, safu ya tatu ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi, akiwa kifungua mimba wa watoto wanne wa fundi wa kuchomelea vyuma na mshonaji wa nguo aliyefanyia kazi barazani. Akiwa na miaka sita alitumwa dukani kununua uzi mweusi, akarudi mikono mitupu, akasema, "Mama, weusi wa dukani si weusi wetu, ule una kijani kwa ndani," mama akaenda mwenyewe, hakuona tofauti yoyote, akanunua, akashona, na nguo ilipofuliwa mara ya pili kijani kikajitokeza kwenye mishono yote, mteja akairudisha kwa maneno ambayo hayafai kusomwa mbele ya jeneza, na tangu siku hiyo hakuna uzi ulioingia katika nyumba ile kabla mtoto huyo hajaupeleka mlangoni kwenye mwanga na kuutazama.

Alianza shule ya msingi Januari 1961 na kumaliza Novemba 1967, akasoma sekondari kuanzia 1968 hadi 1971, akafaulu hesabu na kemia kwa alama ambazo msomaji hatazitaja, kwa kuwa zake mwenyewe zinafahamika na hataki zilinganishwe, na alikuwa ameshapata nafasi ya masomo ya juu, lakini mwaka huohuo macho ya baba yakaharibika kwa cheche za kuchomelea, na nyuma yake walikuwepo wadogo watatu wanaohitaji daftari na viatu, basi akakaa nyumbani miaka miwili akishona na mama, hakulalamika, hakulitaja jambo hilo hata mara moja, na sisi wadogo zake barua ile ya nafasi ya masomo tumeiona juzi, chini ya mashuka, tulipofungua kabati kutafuta nguo za kumvalisha.

Siku ya Jumatatu, tarehe 4 Februari 1974, aliajiriwa katika maabara ya mgodi kuosha chupa, na baada ya miezi minane akahamishiwa chumba cha mwisho, chenye dirisha moja na meza ya saruji, kuwa fundi wa kung'arisha mawe. Kwa wasioijua kazi hiyo, kama msomaji alivyokuwa haijui hadi alipokaripiwa mara kadhaa, kipande cha mwamba hukatwa kidogo kama ukucha, humwagiwa gundi ikaganda pande zote hadi kikawa kama kifungo kikubwa cha koti, halafu husuguliwa kwa mchanga wa chuma, kisha kwa unga laini zaidi, kisha laini zaidi tena, na mwisho kwa vumbi la almasi juu ya kitambaa, mpaka uso wa jiwe unakuwa kioo, ndipo huwekwa chini ya hadubini, taa ikauangazia kwa juu, na kila aina ya madini ikajibu kwa rangi yake. Dada alisugua vifungo hivyo kwa mkono, akisikiliza, kwa sababu alisema jiwe lililoiva lina sauti yake, na wakubwa wake waliokuwa na vyeti vinne vinne walikuwa wakimwita aje awaambie kama kazi imeiva.

Tarehe 18 Desemba 1976, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mtunza ghala la mawe la mgodi huo, shemeji yetu aliyepo hapa, ambaye kazi yake ilikuwa kupeleka mawe maabara yanapohitajika, na ambaye kwa mwaka mzima kabla ya hapo alipeleka mawe ambayo hakuna mtu aliyeyaomba, hadi Mkemia Mkuu akamwuliza, "Kijana, unajenga nyumba humu ndani?" Walijaliwa watoto watatu, binti muuguzi aliyezaliwa 1978, kijana mpima ardhi aliyezaliwa 1981, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, aliyezaliwa 1986, na ameacha wajukuu watano, wote wamerithi jicho lake na wawili wamerithi ulimi.

Sasa ndugu waombolezaji, tunafika kwenye tarehe ambayo dada aliihesabu pamoja na siku za kuzaliwa za watoto wake, nayo ni Jumanne, tarehe 11 Oktoba 1983, saa nne na robo asubuhi, alipoweka chini ya hadubini kifungo namba 417, kilichokatwa kutoka kwenye nguzo nyembamba ya mwamba iliyotolewa ardhini na mashine ya kuchoronga, kina cha mita mia mbili na kumi na mbili, na katikati ya weupe wa madini ya risasi akaona punje ya kijivu, upana wake sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani ukichukua kumi kama hizo ukazipanga ndiyo unapata unene wa shilingi. Kijivu kama hicho kilikuwa na jina lake kitabuni, kila mtu maabara alikijua, mtu mwingine angeandika jina hilo na kwenda kunywa chai, lakini dada aliizungusha meza ya hadubini taratibu, na punje ikabadilika, kijivu kikageuka kuwa kijivu chenye kijani ndani yake, na pembeni, mahali ilipokuwa nyembamba, kukawaka wekundu, wekundu wa mbali, kama ule unaouona ukifumba macho ukielekea jua.

Alimwita Mkemia Mkuu, ambaye leo ni mstaafu na amekaa pale karibu na mlango kwa sababu ya mguu, naye akainama, akatazama, akasema, "Bi Msasa, ni kile kijivu chetu cha siku zote," dada akajibu, "Bosi, kile cha siku zote hakina damu," Mkemia akatazama tena, akazungusha mwenyewe, akavuta kiti akakaa, na amemwambia msomaji kwamba katika miaka thelathini na minane ya kazi alikaa kitini kwa mshangao mara hiyo moja tu.

Punje hiyo ilikuwa ya ukoo ambao wataalamu wanauita salfosalti, na dada aliueleza ukoo huo vizuri kuliko kitabu, alisema salfa ndiyo mwenye nyumba, upande mmoja amekaa na metali kamili kama risasi, fedha na shaba, upande mwingine amekaa na zile nusu metali, antimoni, aseniki na bismuthi, wote wakishikana mikono, na wakibadilishana nafasi kidogo tu anazaliwa mwingine, hata wakiwa walewale kwa idadi ileile, wakipangwa tofauti ni mwingine. Msomaji alipobisha kwamba basi hiyo ni kutafuta visingizio vya kuongeza majina, aliambiwa, "Wewe na mimi baba mmoja, mama mmoja, nyumba moja, sasa nani hapa atathubutu kusema sisi ni mtu mmoja?" na watu wote sebuleni wakacheka kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwaka 1985 kifungo kilipelekwa kwenye mashine inayopima kilichomo ndani ya punje bila kuivunja, majibu yakarudi, fedha, risasi, antimoni na salfa, kwa hesabu ambayo haikuwemo kwenye orodha yoyote duniani, ila ilibaki hatua moja, kutazama kwa eksirei jinsi viungo hivyo vilivyopangwa, na mtaalamu wa eksirei alikuwa anakuja kutoka nje kuichukua punje hiyo kwa mikono yake. Siku moja kabla hajafika, Jumatano, tarehe 20 Mei 1987, saa tisa alasiri, dada aliona mkwaruzo umekatiza uso wa punje, mwembamba kuliko unywele, na kwa fundi wa kung'arisha hiyo ilikuwa aibu, sawa na kumpokea mgeni na meza isiyofutwa, basi akakiweka kifungo juu ya kitambaa cha almasi, dakika mbili tu, mkwaruzo uishe. Mkwaruzo uliisha. Aliporudisha kifungo kwenye hadubini aliona weupe wa risasi kutoka ukingo hadi ukingo, safi kama kioo, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na punje haikuwepo, kwa sababu jicho linaona uso na halioni kina, na punje ile, ya pekee iliyojulikana katika dunia nzima, ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

Mkemia Mkuu alimpenda kama mdogo wake, akafunga mlango, akamwambia, "Tutasema ilipotea posta iliporudishwa kutoka kupimwa, vitu vinapotea posta kila siku, nani atabisha?" dada akajibu, "Posta haijanikosea kitu, Bosi," akachukua kitabu cha kazi cha maabara, akaandika kwa wino, na maneno yake ni haya, "Leo saa tisa na dakika kumi nimeisugua punje ya kifungo 417 ikaisha, kitambaa cha almasi laini, dakika mbili, mkono wangu mwenyewe, hakuna mwingine aliyekigusa," akatia sahihi, na kesho yake akamsomea mgeni ukurasa huo, mgeni akanywa chai, akamshika mkono, akarudi kwao na sanduku tupu.

Kamati ya mataifa inayosajili madini ina kanuni kwamba lazima sampuli ibaki, iwekwe mahali ambapo yeyote mwenye shaka anaweza kwenda kuitazama, na sampuli haikuwepo, kwa hiyo kwa mujibu wa dunia punje haikuwepo na haikuwahi kuwepo, na watu wa kantini wakaanza kutania kwamba kuna jiwe la Bi Msasa, sifa yake kubwa ni kuwa ukilitafuta hulioni. Dada alicheka pamoja nao, kisha akaanza kutafuta, akamwomba mume wake afungue masanduku ya nguzo za mwamba, na kila Jumamosi wakawa wanaingia ghalani, yeye na taa na nyundo ndogo, shemeji na mgongo wake, wakikata kipande hapa na kipande pale, kwanza mita za jirani, kisha mashimo ya jirani, na watu walipomwuliza shemeji kwa nini haonekani mpirani, alijibu, "Nyinyi wake zenu wanawatuma sokoni, wangu ananituma chini ya ardhi."

Mgodi ulifungwa mwaka 1994, maabara ikahamishiwa chuoni, dada akahama nayo na meza yake ya saruji, shemeji akabaki mlinzi wa ghala ambalo hakuna mtu mwingine aliyelihitaji, na Jumamosi ziliendelea, vifungo vikafika mia tano, vikafika elfu moja, watoto wakaoa na kuolewa, wajukuu wakazaliwa, naye hakujua kama kitu anachokitafuta kimo humo ndani au kilikuwa kimoja tu na yeye ndiye aliyekimaliza, na hilo ndilo alilomwambia msomaji mara moja tu, kwenye simu, akiwa nchi ya mbali, "Nisichokiweza si kutafuta, mdogo wangu, kutafuta nakuweza, nisichokiweza ni kufikiri kwamba nilikifuta duniani."

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2013, saa tano asubuhi, kwenye kifungo cha elfu moja mia tisa na sita, kutoka shimo jingine umbali wa mita arobaini, aliziona tatu, na kubwa yao ilikuwa na upana wa karibu nusu milimita. Hakupiga kelele, alisimama, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu, akapunguza taa, kwa sababu fedha iliyomo ndani ya punje huifanya ifubae ikimulikwa sana, yaani ni kitu ambacho kukitazama kunakiumiza, kisha akamwita shemeji, shemeji akaweka jicho, akasema, "Mke wangu, sioni kitu," akaambiwa, "Subiri," dada akaizungusha meza ya hadubini, na shemeji anasema wekundu ulipowaka alishika ukingo wa meza ile ya saruji, kwa sababu alikuwa amebeba mawe hayo mgongoni miaka ishirini na sita bila kujua kwamba ndani yake kuna kitu kinachoweza kumtazama na yeye.

Juni 2015 msomaji aliaminiwa, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kubeba sampuli hiyo hadi kwa mtaalamu mwenye mashine ya eksirei, ikiwa ndani ya kopo lililozungushiwa kitambaa cheusi, na uwanja wa ndege afisa wa forodha alipoamuru, "Fungua," msomaji alimwambia, "Afande, ukilifungua chini ya taa hizi nitahamia kwako, maana kwa dada yangu sitarudi," afisa akacheka, akazima taa ya meza yake, akaliingiza kopo ndani ya koti lake kama mtu anayeficha mkate, akachungulia, akauliza, "Ndiyo hili tu?" na msomaji, ambaye naye kimoyomoyo alikuwa akijiuliza hivyohivyo, akasema ndiyo hili.

Maradhi yalianza Machi 2018, kikohozi kisichokwisha, na picha zikaonyesha mapafu yamejaa vumbi la mawe, la miaka ile ya mwanzo ambapo usuguaji ulikuwa mkavu, kabla ya mashine ya maji kufika 1982, naye alipoelezwa na daktari alisema, "Nimeyasugua, yamenisugua, hakuna anayemdai mwenzake," akarudi nyumbani na mtungi wa oksijeni aliouvuta nyuma yake kama mzigo wa msafiri. Tarehe 3 Septemba 2018, mhadhiri wa miamba wa chuo, binti aliyefundishwa na dada kusugua na ambaye alimwita Mama, aliwasilisha maombi kwenye kamati, na kuanzia siku hiyo ilikuwa ni mashindano, kati ya pumzi za dada na barua za wajumbe.

Wajumbe walishuku, na kushuku ndiyo kazi yao, wakauliza kama hii si kile kijivu cha siku zote kilichoongezewa madini ya fedha, wakauliza kuhusu punje ya kwanza ya 1983, vipimo vyake vya 1985 vinalingana kabisa na vya hizi mpya, sawa, lakini nani wa kuvithibitisha na punje haipo, na mhadhiri akapiga picha ukurasa wa kitabu cha maabara wa tarehe 20 Mei 1987 na kuutuma pamoja na tafsiri. Mjumbe mmoja, ambaye hatujui nchi wala sura yake, aliandika kwamba hajawahi kuona maabara iliyorekodi kosa lake kwa saa na dakika, na kwamba mtu aliyeandika ukurasa huu, namba zake nyingine anaziamini.

Jibu lilifika Jumatano, tarehe 6 Februari 2019, dada akiwa wodini siku ya tisa, mhadhiri akaingia akikimbia, akasema, "Mama, wamekubali, ni mpya, imeingia kwenye orodha," sisi tuliokuwepo tukaanza kushangilia mpaka muuguzi akaja kutukaripia, na dada akasogeza kinyago cha oksijeni, akauliza, "Waliokataa wangapi?" akaambiwa watatu, akasema, "Nisomeeni sababu zao." Akasomewa, siku hiyo na iliyofuata, sentensi kwa sentensi, ya kwanza akaitikisia kichwa, ya tatu akasema huyu ana njaa, lakini ya pili, iliyosema kwamba kipimo cha mwanga unaorudishwa na punje kwenye rangi ya kijani hakikufanywa vizuri, ilimfanya afumbe macho, akasema, "Huyu yuko sahihi, uso haukuwa umeiva siku ile, niliusikia, nikaacha, nilikuwa nimechoka," na akaagiza makala ya kuitangaza punje isichapwe hadi kipimo kirudiwe. Mhadhiri alilia, akasema, "Mama, si wameshakubali?" naye akajibu, "Wao wamekubali, mimi bado."

Bi Msasa alifariki dunia Jumamosi, tarehe 9 Februari 2019, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono wa kulia, marehemu akiwa na umri wa miaka sitini na minne na miezi minane kamili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, waliovumilia karatasi za kamati kitandani kana kwamba ni sehemu ya matibabu, inawashukuru majirani waliobeba mitungi ya oksijeni ghorofa tatu juu bila kuombwa, inamshukuru Mkemia Mkuu mstaafu aliyefunga mlango siku ile kwa upendo na kuufungua kwa heshima, inawashukuru wafanyakazi wa maabara, na zaidi inamshukuru mtu asiyejulikana, mpinzani wa pili, popote alipo. Wengi mmeuliza mlangoni punje inaitwaje, msomaji anajua, na kanuni ya kamati ni kwamba jina halitamkwi hadharani kabla ya makala kuchapwa, na mhadhiri amekaa mstari wa tatu akimkazia macho kwa sababu anaijua midomo ya familia hii, kwa hiyo mtaambiwa hivi tu, kwamba walitaka kuipa jina la dada na akakataa, na kwamba kitu kilichokaa gizani bila jina mamilioni ya miaka, kikingoja jicho moja, kinaweza kungoja wiki sita zaidi.

Juzi Jumatatu, tarehe 11 Februari, mhadhiri aliusugua uso wa kifungo kile kwa mkono, akisikiliza kama alivyofundishwa, kwa muda wa saa mbili na nusu, kwa mkono mwepesi kabisa, punje zote tatu zimebaki, na namba ya kijani imebadilika, kidogo sana, tarakimu ya mwisho, mpinzani alikuwa sahihi, na dada alikuwa sahihi juu yake.

Pumzika, dada, pumzika kwa amani yako yote, kipimo kimerudiwa.